Masazo ya Ndege

Hapo zamani, na nikisema zamani msianze kuhesabu kwa vidole, maana hata bibi aliyenisimulia mimi hakuhesabu, palikuwa na bonde likiitwa Isololo. Watu wa Isololo walikula mtama. Ugali wa mtama, uji wa mtama, togwa ya mtama, pombe ya mtama. Hata wakigombana walitukanana kwa mtama: fulani kakonda kama bua, fulani kichwa chake suke tupu.

Mtama wao uliitwa Mhoja. Mhoja alikuwa mtu, tena mtu wa kawaida tu, ila yeye ndiye aliyeuleta bondeni. Na desturi ya Isololo ilikuwa hivi. Anayeleta mbegu mpya hupewa jina na shamba. Mbegu huitwa kwa jina lake, na kila msimu, mpanzi anapodondosha punje ya kwanza shimoni, hulitamka jina hilo kwa sauti. Tena hupewa Shamba la Kisima, kipande cha udongo mweusi kando ya kisima, achimbie hapo nguzo ya mbegu iwe alama yake, na kila mavuno achague yeye masuke ya kupanda bonde zima mwakani. Jina na shamba havigawanywi. Mwenye jina ndiye mwenye shamba, na mwenye shamba ndiye mchaguzi.

Mhoja alichagua masuke makubwa, yenye punje nyeupe tamu. Akafa, mwanawe akachagua makubwa na matamu. Mwana naye akafa, mjukuu akachagua makubwa na matamu. Miaka ikaenda, mtama ukazidi utamu, mpaka watoto wakawa wanatafuna punje mbichi wakicheza. Watu wa Isololo wakajivuna kwamba hakuna mtama mtamu kama wao. Hapo hawakukosea. Walichosahau ni kwamba kinywa cha mtu sicho kinywa pekee kinachojua utamu. Tutafika huko.

Ukoo wa Mhoja ukaisha, Shamba la Kisima likabaki halina mwenyewe. Akawekwa msimamizi, mzee mmoja jina lake Ngasa, ambaye kazi yake ilikuwa kutunza ardhi zisizo na watu na kuwaazima wageni. Ngasa hakuwa mtu mbaya sana. Alikuwa mtu wa fimbo ndefu na maneno mafupi.

Basi siku moja akaingia bondeni mwanamke aitwaye Wande, na mama yake mzee mgongoni, wamekimbia njaa ya kwao. Wande alikuwa mwanamke asiyetulia. Akisimama, mguu mmoja unacheza. Akiketi, mikono inatafuta kitu cha kusuka. Ngasa akampa kipande kando ya njia, akamwambia sharti la bonde: aliyeazimwa shamba hachimbii nguzo. Haruhusiwi nguzo ya nyumba, wala nguzo ya dungu la kuamia ndege, wala nguzo ya zizi. Maana nguzo ikishaingia ardhini, ardhi imeshapata mtu. Wande akajenga kibanda cha mabua yaliyoegemezana, kitu ambacho mbuzi akijikuna hapo kinaanguka, akalima.

Akavuna. Baada ya kuvuna Ngasa akaja na fimbo yake, akaonyesha upande wa pili. Akasema, "Wande, sogea kidogo."

Wande akasema, "Nimesikia, baba." Akamchukua mama yake mgongoni, akabomoa kibanda, akasogea.

Msimu wa pili akalima, akavuna, kipande kikawa safi hakina magugu. Ngasa akaja na fimbo. "Wande, sogea kidogo." Nimesikia, baba. Akasogea.

Msimu wa tatu Ngasa alimweka kwenye lile Shamba la Kisima, kwa sababu lilikuwa limeota kichaka na yeye alitaka likatwe kichaka bila kuinama mwenyewe. Wande akakata kichaka, akang'oa visiki. Na hapo ndipo mama yake alipofia, katikati ya palizi. Wande akamzika hapo hapo, pembeni ya kisima. Nguzo ya kaburi haikuruhusiwa, kwa hiyo akaweka jiwe, jiwe kama mawe mengine, ila yeye alilijua. Mama mtu alikuwa amemwambia kabla hajakata roho: mwanangu, nimechoka kubebwa, hapa pananitosha, usiniache peke yangu. Wande akaahidi.

Akavuna. Ngasa akaja. "Wande, sogea kidogo."

Wande akalia siku hiyo. Akamweleza habari ya jiwe. Ngasa akatazama chini, akakuna shingo, akasema anasikitika lakini desturi si yake, aliikuta. Wande akabomoa kibanda, akasogea, akamwacha mama.

Tangu siku hiyo Wande alikuwa na jambo moja tu moyoni, nanyi lishikeni: kurudi kwenye jiwe lile, na kuchimbia nguzo mahali ambapo hakuna mtu atakayemwambia asogee. Lakini badala ya kwenda mbele alikuwa akisogezwa nyuma. Msimu wa nne akasogea, wa tano akasogea, mpaka akafika mwisho wa bonde, ukingoni kabisa, mahali ambapo ardhi inaishia na matete yanaanzia. Huko Ngasa hakumfuata tena, maana hapakuwa na pa kumsogeza.

Sasa, matete yale ndiyo yaliyokuwa makao ya kweleakwelea. Mnawajua. Ndege wadogo, midomo myekundu, hatui mmoja, hutua elfu. Wakitoka matetani asubuhi, shamba la kwanza kuliona ni la Wande. Wenzake bondeni walikuwa na madungu, wamepanda juu ya nguzo zao wanapiga kelele na kurusha mawe kwa kombeo. Wande hana dungu, maana hana ruhusa ya nguzo. Alikimbia huku, ndege wakatua kule. Akakimbia kule, wakatua huku. Miguu yake haikupumzika kutwa, na jioni shamba lilikuwa mabua matupu.

Si yote. Yalibaki masuke kumi na mawili. Masuke membamba, mekundu, yenye ndevu kali, na punje ukiitafuna inakaza ulimi kwa ukakasi mpaka mtu unasahau jina lako. Ndege walionja, wakatema, wakaenda zao. Mtu mwingine wa Isololo angeyatupa, maana kila shamba lilikuwa na masuke kama hayo mawili matatu na kazi ya watu ilikuwa kuyang'oa. Wande hakuwa na kingine. Mgeni hapewi mbegu teule ya bonde, ile inayohifadhiwa juu ya moshi wa jiko. Akapanda masazo ya ndege.

Mwaka uliofuata ndege wakaja, wakala, wakaacha kikapu. Akapanda kikapu. Mwaka uliofuata wakaja, wakaacha vikapu vinne. Akapanda vinne. Hakuchagua yeye; walichagua ndege, naye akapanda walichokikataa. Alichokula mwenyewe kilikuwa mboga za porini na uji kidogo wa mtama huo, na tumbo lilimuuma kila alipokula. Watu walipopita walimcheka, wakamwita mke wa ndege.

Sasa nisikilizeni vizuri, msisinzie huko nyuma.

Mwaka wa sita tangu Wande afike ukingoni, kweleakwelea waliongezeka mpaka jua likapungua. Utamu wa Mhoja ulikuwa umewaita kutoka mabonde yote. Walipita juu ya shamba la Wande, wakaonja, wakatema, wakaenda kutua kwenye nyeupe. Siku ya tisa bonde zima lilikuwa uchi, isipokuwa ukingoni, ambako shamba moja lilikuwa limesimama jekundu kutoka mwanzo hadi mwisho.

Watu wakaja kutazama. Hakuna aliyecheka. Ngasa naye akaja, akalitazama shamba, akainua fimbo. Mnajua alichosema. Alisema, "Wande, sogea kidogo."

Ila safari hiyo mtemi wa bonde alikuwepo, akamshusha mkono. Akamwuliza Wande kama atawapa watu mbegu. Wande angeweza kukataa. Usiku wa kuamkia siku hiyo alikuwa amefunga mzigo wake tayari, kwa mazoea tu. Akaufungua, akagawa konzi moja kwa kila nyumba, na kwa Ngasa pia akatoa konzi, na konzi ya Ngasa haikuwa ndogo kuliko za wengine.

Mngesema hadithi imekwisha. Bado. Konzi moja haijazi shamba. Ilihitajika misimu miwili mizima kabla mbegu nyekundu haijatosha bonde, na misimu hiyo miwili watu wale nini? Ilibidi waokoe Mhoja kiasi, hata robo, la sivyo wangetawanyika, na mbegu ingebaki bila wa kuipanda.

Hapo ndipo anapoingia Nkwabi.

Nkwabi alikuwa mpiga ngoma wa mtemi, mwanamume mrefu, mwenye fahari yake, mwenye kula mahali pazuri kwenye kila sherehe. Kazi yake ilikuwa kusimama juu ya mwamba na kuwatazama ndege. Akiwaona anapiga ngoma, na madungu yote ya bonde, sitini na zaidi, yanapiga kelele kwa pamoja. Amri ilikuwa kwamba asiyesikia ngoma asipige kelele, ili nguvu zisipotee. Amri ilionekana nzuri. Lakini mpaka Nkwabi aone, mpaka apige, mpaka watu wasikie, ndege wameshakula na kuhamia nyuma ya mgongo wake.

Asubuhi moja ngozi ya ngoma ikapasuka. Nkwabi akaona haya. Hakumwambia mtu, akajificha nyuma ya mwamba akiishona. Huku madunguni watu wakingoja ngoma, ngoma hailii. Ndege wanatua. Mwanamke mmoja uvumilivu ukamwisha, akapiga kelele bila ruhusa. Jirani yake wa kulia alipoona ndege wanamjia, naye akapiga. Jirani wa jirani akapiga. Kila mmoja akawa anatazama wawili tu, wa kulia na wa kushoto, wakipiga anapiga, wakinyamaza ananyamaza. Hakuna aliyeamuru. Kelele ikawa inatembea yenyewe bondeni, inashuka, inapinda, inarudi, na ndege hawakupata pa kuweka mguu.

Siku ya nne Nkwabi alimaliza kushona. Akapanda mwambani, akainua kirungu cha ngoma, akatazama chini. Akaona ile kelele inavyotembea. Akakaa na kirungu juu. Kisha akakishusha. Hakupiga siku hiyo, wala kesho yake, wala misimu yote miwili. Mtemi alipoambiwa kwamba mpiga ngoma hapigi ngoma, alimvua kazi, akampokonya kiti chake. Mkewe akarudi kwao kwa aibu. Lakini bonde liliokoa mtama mweupe kiasi cha kutosha kubaki hai.

Misimu miwili ikapita. Mbegu nyekundu ikaenea. Wakavuna maghala ya mtama mwekundu, wakapika, wakala, wakaanguka. Matumbo yalikaza kama mawe. Watoto walitapika. Wanaume wazima walilala kifudifudi wakiita mama zao. Maghala yamejaa na watu wana njaa. Hayo nayo ni mateso ya aina yake. Wengine wakaanza kufunga mizigo. Wande alipoona mizigo inafungwa alihisi kama ni yeye anayesogezwa tena, safari hii pamoja na bonde zima.

Hapo ndipo anapoingia Milembe.

Milembe alikuwa bibi kizee mwenye meno matatu na hasira za meno thelathini. Hakujaliwa mtoto. Waliomjua kwa jina walikuwa wamekufa karibu wote, vijana walimwita tu bibi, na yeye alijua kwamba akifa, jina lake halitatamkwa na mtu tena duniani. Alisema hahami. Akaweka vyungu tisa. Cha kwanza akachemsha punje mara mbili, akala mwenyewe, akagaagaa. Cha pili akakaanga, akala, akagaagaa. Cha tatu akakoboa, cha nne akaloweka kwa maji matupu, cha tano akachanganya na udongo, na kila chungu alionja yeye kwanza, hakumpa mtu wala kuku. Alikonda mpaka kanga ikawa inamzunguka mara tatu. Wande alikwenda kumsihi aache. Milembe akamwambia, "Mjukuu wangu, mimi nitakufa hata nisipokula. Niletee majivu."

Vile tisa vikashindwa, akaongeza chungu cha kumi, akaloweka punje kwa maji ya majivu usiku kucha, akazifunika kwa majani mpaka zikachipua, akazianika, akazisaga. Akasonga ugali. Ugali mwekundu, laini, hauna ukakasi. Akala, akangoja. Tumbo likanyamaza. Akaita nyumba baada ya nyumba akawafundisha, na mkaidi aliyesema yeye hali ugali wa rangi ya matofali alipigwa mwiko kichwani. Miaka michache baadaye watoto waliozaliwa wakati huo, ukiwapa ugali mweupe, walilia wakidai wa kweli.

Basi bonde likapona. Mtemi mzee akafa, akatawazwa binti yake, Holo, msichana wa miaka ishirini na kitu, ambaye alikuwa hajawahi kuhukumu hata ugomvi wa kuku. Na jambo la kwanza lililomkalia shingoni ni hili: mbegu nyekundu haina jina, misimu yote iliyopita ilipandwa bila kutajwa mtu. Msimu wa kupanda umefika. Watainama mashimoni, watamtaja nani?

Akaita baraza kwenye Shamba la Kisima. Akaamuru shimo lichimbwe, shimo moja, na nguzo moja ya mgunga ilazwe kando yake. Ilikuwa asubuhi ya mawingu, upepo unabadilika kila mara, mvua inanukia lakini hainyeshi. Watu hawakutulia. Holo mwenyewe alikaa, akainuka, akakaa. Mwenye haki ilibidi ajulikane kabla ya mvua, maana mvua ya kwanza ikinyesha watu hupanda.

Wande alifika mapema kuliko wote. Shimo lilikuwa limechimbwa hatua mbili kutoka kwenye jiwe lake. Akasimama kati ya shimo na jiwe, na miguu yake, kama kawaida, ikicheza.

Holo akasema kila anayedai aseme, na aseme pia, akipewa nguzo, atachagua mbegu namna gani.

Wande akasema, "Mtemi, mimi sikujua ninachofanya, siwezi kudanganya. Nilipanda masazo kwa sababu sikuwa na kingine. Lakini nilipanda. Miaka sita nimekula kilichokataliwa na ndege, nikachekwa. Na siku mlipokuja kuomba, sikufunga mkono. Nikipewa, nitaacha kila mwaka shamba moja lisiamiwe. Ndege wachague kwanza, nami nitapanda watakachoacha, maana wao hawachoki kujaribu na sisi tusichoke. Hapa amelala mama yangu. Sina mengine."

Watu wakaguna. Wengi hawakujua habari ya jiwe.

Milembe akainuka kwa fimbo. "Mtoto huyu nampenda," akasema, "lakini alileta sumu. Nani hapa hakugaagaa? Mbegu isiyolika ni nyasi. Ndege hawakuibadilisha ikawa chakula, wala hakuibadilisha yeye. Nilibadilisha mimi, na nikawabadilisha ninyi, vichwa vyenu vigumu, mpaka mkala msichokijua. Nikipewa, nitachagua kwa chungu. Kila mwaka nitapunguza ukakasi kidogo. Mimi sina shida na shamba, nitalala humo karibuni. Nataka jina. Nikifa bila jina langu kutamkwa shimoni, nimekufa kabisa."

Kijana mmoja akamkumbusha kwamba ukakasi ukipungua, ndege watarudi. Milembe akamwambia atavuka mto huo akiufikia, akakaa chini kwa shida.

Nkwabi akaja mwisho. Hakuwa na ngoma, na mikono yake haikujua pa kukaa. Akasema, "Mimi sikuleta kitu. Nilikuwa na ngoma nzima mkononi, na sikuipiga. Mnaona ni jambo dogo. Jaribuni ninyi. Jaribu kuwa mkubwa, uone watu wanajiendea vizuri bila wewe, ukae kimya, upokonywe kiti, mke aondoke, uendelee kukaa kimya. Ningepiga ngoma siku ile, mngerudi kungoja, na misimu miwili ya njaa ingewamaliza wote. Wande angempa nani mbegu, na bibi angempikia nani? Nikipewa nguzo, sitachagua. Kila nyumba ichague yake na itazame jirani yake. Bonde litajipanga."

Holo akauliza, kwa hiyo ampe shamba la mchaguzi mtu ambaye hatachagua? Watu wakacheka, na Nkwabi akacheka nao kidogo, lakini hakuondoa neno lake.

Mama mmoja akashauri jina apewe Milembe, shamba apewe Wande, na kiti arudishiwe Nkwabi, watu wakapande. Wengi wakasema naam. Holo naye uso ukamchangamka. Kisha wazee wakamkumbusha kwamba jina bila shamba halikuwahi kutolewa, na kwamba anayetajwa shimoni ndiye anayeulizwa mbegu ikiharibika. Wakimtaja Milembe na Wande akachagua kwa kufuata ndege, mtama ukawa mchungu hata majivu yasiuweze, watamlaumu nani? Uso wa Holo ukarudi ulivyokuwa. Nguzo ni moja, shimo ni moja.

Ndipo Ngasa akasimama. Ndiyo, Ngasa. Akasema, nanyi msimcheke, kwamba hata yeye ana lake. Kama asingemsogeza Wande mpaka ukingoni, Wande angekuwa na dungu, angelinda mtama mweupe kama wengine, na mbegu nyekundu isingekuwepo. "Mimi ndiye niliyemsogeza," akasema. "Sikujua, lakini hata yeye amekiri hakujua." Watu walikasirika, wengine wakatema mate. Na kutoka nyuma mtu akanong'ona kwamba ikiwa hivyo basi nguzo wapewe ndege, kwani si wao waliochagua?

Wande alisikia yote. Alimwonea huruma Milembe, kweli, na Nkwabi alimwonea huruma pia, na alijua kwamba bila hao wawili yeye angekuwa na shamba jekundu na bonde tupu. Lakini jiwe lilikuwa hapo, karibu na kisigino chake. Alijua pia kwamba akipewa mwingine nguzo hii, jioni atafunga mzigo, na mwenye shamba mpya, hata awe mwema namna gani, ipo siku atamwambia neno lile.

Tone la kwanza likaanguka. Kisha la pili, likatua ndani ya shimo, udongo ukakolea. Watu wakaanza kuinuka, wakitafuta majembe, kila mmoja na kikapu chake cha mbegu nyekundu, wakimtazama mtemi wawapatie jina. Holo akaishika nguzo kwa mikono yote miwili, akaisimamisha. Wakasongamana kuzunguka shimo, Milembe ameshikiliwa huku na huku, Nkwabi anachungulia juu ya vichwa.

Na Ngasa, kwa mazoea ya miaka, bila hata ubaya safari hiyo, akanyoosha fimbo yake. "Wande," akasema, "sogea kidogo, tuone shimo."

Miguu ya Wande iliyokuwa ikicheza tangu alipoingia bondeni ikatulia.

Wande hakusogea.

Hapo bibi yangu alikuwa akiishia, anachukua kinu chake na kuingia ndani, na ukimfuata kumwuliza anakufukuza. Mimi nimekua nalo jambo hili, nimezeeka nalo, na kila mvua ya kwanza linaniamsha. Mwanamke amesimama kati ya shimo na jiwe. Kizee asiye na mtoto anangoja jina. Mwanamume aliyejinyima sauti anangoja kiti. Mzee wa fimbo naye ana lake, na ndege wako matetani. Mvua inanyesha, shimo linajaa, na punje ya kwanza iko mkononi mwa mpanzi, kinywa kimefunguka.

Haya, ninyi mliokula kwangu leo ugali mwekundu mkashiba: amtaje nani? Je, nani alistahili nguzo ile?